"Hesabu Mume Atakupigia": Mwalimu Kumwambia Hivyo Mwanafunzi ni Utani au ni Kumkata Maini?

Wadau, kuna kauli moja ya darasani imeleta ubishi mkubwa kwenye shule moja ya sekondari ya kata. Ubishi wenyewe umetoka shuleni ukaingia mtaani, kwenye vijiwe vya kahawa mpaka kwa akina mama wauza mboga. Wapo wanaosema mwalimu kakosea sana. Wapo wanaosema watoto wa siku hizi wamelegea, kila kitu kwao ni tusi. Kabla hujachagua upande, sikiliza kwanza kisa kilivyokuwa.

Kipindi kilikuwa cha hisabati, kidato cha pili, saa saba mchana. Jua kali, bati linawaka, wanafunzi 80 na ushee ndani ya chumba kimoja, wengine wamebanana watatu watatu kwenye dawati. Mwalimu anafundisha milinganyo. Kaandika ubaoni x + 3 = 10, akaihamisha ile 3 kwenda upande wa pili, ikawa x = 10 - 3. Jibu 7. Akaanza mfano mwingine.

Binti mmoja wa miaka 15, anayekaa karibu na dirisha, akanyoosha mkono. "Mwalimu samahani, kwa nini ile tatu ikivuka inageuka kuwa kutoa?" Mwalimu akamjibu kwamba ndivyo kanuni inavyotaka, namba ikivuka inabadilisha alama. Binti akanyoosha mkono tena. "Sawa mwalimu, lakini kwa nini inabadilisha?"

Hapo ndipo neno lilipotoka. "Wewe usijichoshe bure. Hesabu mume atakupigia."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka kidogo, akageukia ubao, kipindi kikaendelea kama kawaida. Kwa mwalimu, jambo likaishia pale pale. Jioni alikuwa ameshalisahau.

Kwa yule binti ndio kwanza lilikuwa linaanza. Kesho yake asubuhi, mstarini, alishapewa jina: Mke wa Mtu. Akipita bombani, Mke wa Mtu. Akiitwa kufuta ubao, kuna sauti ya nyuma inasema "mwacheni, mume wake atakuja kufuta." Wenzake hawakuwa na nia mbaya, ndivyo wanafunzi walivyo, wakipata jina wanalitumia mpaka lichakae. Ila binti akaacha kunyoosha mkono. Sio kwenye hisabati tu, hata kwenye fizikia na kemia, ambako mwanzo alikuwa anauliza sana. Halafu zikaanza siku za kuumwa tumbo. Tumbo lenyewe likawa linauma siku zenye hisabati.

Mama yake ni mtu wa vitumbua, anaamka saa kumi usiku. Hakusoma sana, ila ana tabia ya kufungua madaftari ya mtoto Jumapili jioni na kuangalia tiki na tarehe. Ndivyo alivyogundua kwamba madaftari mengine yote yanaendelea, lile la hisabati limekomea siku moja, kurasa zilizobaki nyeupe. Akauliza mara ya kwanza, akaambiwa hakuna kitu. Akauliza mara ya tatu, mtoto akalia ndipo akasema.

Yule mama hakwenda shuleni na kelele. Alienda na kanga yake na adabu zake, akakaribishwa ofisini kwa mkuu wa shule, mwalimu akaitwa. Mwalimu kwanza alishangaa, kiukweli hakukumbuka. Alipokumbushwa akasema, "Mama, ule ulikuwa utani tu. Darasa lilikuwa limelala, nikataka kulichangamsha. Sikuwa na ubaya na mtoto."

Mama akamjibu, "Mwalimu, mimi sikuja kugombana. Nauliza tu, lile swali la mtoto lilijibiwa?"

Ofisi ikawa kimya.

Sasa hapo ndipo pa kuanzia. Watu wengi mtaani wanabishana kama neno lenyewe lilikuwa kali au la kawaida, na ubishi wa namna hiyo hauishi, kwa sababu neno linalomchoma mmoja mwingine analicheka. Yule mama kaenda kwenye jambo lenyewe. Mtoto aliuliza swali la somo akapewa jibu lisilo la somo. Alilipia swali lake kwa kuchekwa na watu 80. Na wale 80 waliokuwa wanacheka walijifunza kitu siku hiyo, kwamba ukiuliza mara mbili kwenye darasa hili, zamu ya kuchekwa ni yako.

UPANDE WA MWALIMU NAO USIKILIZWE

Itakuwa ni uonevu kumchora huyu mwalimu kama mtu katili. Si katili. Wanaomjua wanasema ndiye anayebaki Jumamosi kuwafundisha wa kidato cha nne bila kulipwa hata nauli. Hisabati ya kidato cha kwanza mpaka cha tatu iko mikononi mwake peke yake. Ukipiga mikondo yote, madaftari anayotakiwa kusahihisha kwa wiki ni rundo ambalo mtu mwingine akiliona anaacha kazi.

Na hali hii sio ya shule moja. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani kwa kukosa ada waliingia shuleni, jambo jema kabisa. Ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile, hasa walimu wa hisabati na sayansi. Mwalimu mmoja akibeba kazi ya watu watatu, saa saba mchana, ana njaa, ana deni dukani, mdomo unateleza. Binadamu yeyote anateleza.

Tena kuna ukweli mwingine. Darasa la mchana linalala kweli, na mwalimu anayejua kuchekesha anapendwa. Wanafunzi wengi wakiulizwa walimu waliowapenda, watakutajia wale wenye vichekesho, sio wale waliokuwa wanasoma kitabu kwa sauti moja mpaka kengele. Kwa hiyo tusiseme mwalimu asitanie. Darasa lisilo na kicheko ni kama msiba.

Lakini uchovu unaeleza kwa nini jambo limetokea, hausemi kwamba jambo lenyewe ni sawa. Dereva aliyesinzia anaonewa huruma, ila abiria hawawi wazima kwa sababu dereva alikuwa kachoka. Na hapa abiria ni mtoto.

ETI ULIKUWA UTANI?

Neno "utani" ndilo limekuwa ngao ya kila mtu kwenye kisa hiki. Sasa Watanzania hawana haja ya kufundishwa utani ni nini, wamezaliwa nao. Mchaga na Mpare ni watani. Mhehe na Mngoni ni watani, na babu zao walipigana vita. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Babu na mjukuu ni watani, shemeji na shemeji ni watani. Mtani anaweza kukuingilia msibani, akajilaza pale panapochimbwa kaburi na kudai hela, na hakuna anayekasirika.

Kwa nini hakuna anayekasirika? Kwa sababu utani una masharti yake, na sharti kubwa ni kwamba unarudishwa. Mchaga akimtania Mpare kwa ubahili, Mpare anamrudishia hapo hapo kwa kupenda hela. Mjukuu anamwambia babu "mzee, meno yamekwenda wapi?" na babu anamjibu "yamefuata bibi yako." Wote wanacheka, wote wako sawa, hakuna aliyebaki chini. Kuna njia ya kwenda na njia ya kurudi.

Sasa jaribu kuurudisha ule wa darasani. Fikiria yule binti angesimama akasema, "Na wewe mwalimu hesabu za mshahara anakupigia nani?" Darasa lingecheka zaidi. Halafu nini kingetokea? Wote mnajua. Ofisi ya nidhamu, fimbo, barua, "kaniletee mzazi." Maneno yale yale, kicheko kile kile, ila yakitoka kwa mwalimu yanaitwa utani na yakitoka kwa mwanafunzi yanaitwa utovu wa nidhamu.

Utani ambao mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kuutoa sio utani. Ni kumsema mtu aliyefungwa mdomo. Wazee waliouweka utani kwenye makabila walilijua hilo, ndio maana mtani hachaguliwi na mwenye nguvu, ni haki ya pande zote mbili.

Kwa hiyo kipimo kiko rahisi, hakihitaji shahada ya ualimu. Kabla hujamtania mtoto darasani jiulize: je, anaweza kunirudishia neno la uzito huo huo na akatoka salama? Kama hawezi, lifunge mdomoni.

"MBONA WA ZAMANI WALITUKANWA NA WAKATOBOA?"

Hii ndiyo hoja inayosemwa sana, hasa na watu wazima. Eti enzi zao mwalimu alikuita kichwa cha panzi, mbumbumbu, kichwa maji, anakwambia kabisa wewe utaishia kusukuma mkokoteni, na leo wao ni mameneja, ni wahasibu, ni wakubwa wa ofisi. Maneno makali ndiyo yaliyowasukuma. Walisema "nitamwonyesha" na kweli wakamwonyesha.

Hoja ni tamu, ila ina tundu moja kubwa. Anayesimulia ni nani? Ni yule aliyetoboa. Yeye ana kiti, ana sauti, ana watu wa kumsikiliza. Yule aliyeambiwa "utaishia kusukuma mkokoteni" na kweli akaacha shule kidato cha pili, hakuna anayemwalika kwenye sherehe ya shule kutoa ushuhuda. Ukitaka kujua dawa inafanya kazi huulizi waliopona tu, unauliza na makaburini.

Halafu wapo wengine katikati, ambao hawakuacha shule ila kuna mlango walioufunga. Kuna watu wazima kibao Tanzania ukiwapa hesabu ndogo ya riba wanasema "hesabu mimi hapana, tangu zamani." Tangu zamani lini? Mtoto wa miaka 5 anajua kugawa pipi sawa kwa sawa na atalia ukimpunja moja. Hisabati imekuwa somo linaloangusha watahiniwa wengi wa kidato cha nne mwaka hadi mwaka, na sababu ziko nyingi: uhaba wa walimu, vitabu, lugha ya kufundishia inayobadilika ghafla mtoto akitoka darasa la saba la Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza cha Kiingereza. Ila usiitoe hofu kwenye orodha hiyo. Somo linalotaka uulize "kwa nini" mara tatu halisomeki kwenye darasa ambalo ukiuliza mara ya pili unachekwa.

Hata wataalamu wamelihangaikia jambo hili siku nyingi. Mwaka 1968 huko Marekani, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walitoa kitabu kuhusu jaribio walilofanya kwenye shule moja ya msingi ya California. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani kipimo kinaonyesha mwaka huo watachanua. Kumbe majina yale yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu. Mwisho wa mwaka baadhi ya watoto wale, hasa wa madarasa ya chini, walionekana kupanda kuliko wenzao. Jaribio lile limebishaniwa na wasomi mpaka leo, wengine wanasema matokeo yake yalikuzwa. Ila jambo lenyewe kila aliyewahi kukaa kwenye dawati analijua. Mtoto anayetarajiwa kufaulu anaangaliwa, anasubiriwa, anarudiwa. Anayetarajiwa kuolewa anarukwa.

NA KWA NINI LIWE NENO LA MUME?

Hapa wengine mtaani wanalipita haraka, nalo ndilo zito. Je, kama aliyeuliza angekuwa mvulana, angeambiwa "hesabu mke atakupigia"? Hakuna mwalimu aliyewahi kusema hivyo. Mvulana angeambiwa labda "wewe kichwa kigumu" au "kalime." Ni maneno mabaya pia, ila hayamwambii kwamba akili yake haihitajiki kwa sababu ya jinsi alivyozaliwa.

Binti mwenyewe ana miaka 15. Kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, umri huo wa 15 ndio uliokuwa umeruhusiwa msichana aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi alilipeleka suala hilo Mahakama Kuu na mwaka 2016 akashinda, serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na ushindi ule. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Yaani nchi imehangaika mahakamani na bungeni ili binti wa miaka 15 aitwe mwanafunzi na sio mke. Halafu darasani, mbele ya wenzake 80, mtu aliyelipwa kumfundisha anamkumbusha kuhusu mume.

Tena msisahau mtoto anarudi nyumbani. Kuna nyumba ambazo mzazi kila siku anapigana na mjomba na shangazi wanaosema "huyu kashakua, shule ya nini?" Yule mama wa vitumbua ni mmoja wao. Anaamka saa kumi usiku ili mtoto asome, halafu shule yenyewe inakuwa upande wa shangazi.

Hapo mtu atasema mwalimu hakumaanisha yote hayo. Ni kweli kabisa, hakumaanisha. Ila neno la kupita huwa linapita kwa anayelisema. Kwa anayelipokea linakaa.

FIMBO INA DAFTARI, NENO HALINA

Kitu kimoja cha kushangaza. Tanzania kanuni za viboko shuleni ziko wazi kabisa kwenye karatasi. Viboko visizidi vinne. Mkuu wa shule ndiye anayechapa au anayetoa kibali. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Kama zinafuatwa au hazifuatwi hiyo ni mada nyingine na ina siku yake, ila angalau ipo namba ya kumshika mtu nayo.

Maneno je? Hakuna daftari. Hakuna mtu anayehesabu mwanafunzi kaitwa "mbumbumbu" mara ngapi kwa muhula. Mzazi akija na alama ya fimbo mgongoni mwa mtoto, watu wanashtuka. Akija na daftari lenye kurasa nyeupe, anaambiwa mwanao anadeka.

Na sio kwamba sheria haijui. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtendea mtoto ukatili na mambo ya kumdhalilisha, na inataja ustawi wa mwili na wa akili pia. Majirani Kenya wamelisema wazi zaidi. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa namna yoyote, ya mwili au ya kisaikolojia.

Hakuna anayetaka yule mwalimu apelekwe mahakamani kwa sentensi moja, itakuwa ni kuua inzi kwa panga. Ila sheria zinaonyesha kwamba waliokaa kuzitunga walikubali neno linaweza kuumiza. Sio udhaifu wa watoto wa siku hizi.

KWA HIYO MWALIMU ASIWE MKALI?

Awe mkali! Tena sana. Kazi ikiwa mbovu iitwe mbovu. "Hii kazi umeifanya kwa uvivu, rudia yote." Kali, na ni haki yake. "Umepata 12 kwa 100 kwa sababu hukusoma, nimekuona uwanjani wiki nzima." Inauma, lakini ndani yake kuna mlango wa kutokea: soma, utapata zaidi. "Umenichosha na maswali, ngoja nimalize mfano huu halafu nikurudie." Hata hiyo ni sawa, mradi arudi kweli.

Angalia tofauti. Maneno hayo yote yanapiga kazi, yanapiga uvivu, yanapiga kitu ambacho mtoto anaweza kukibadilisha kufikia Ijumaa. "Hesabu mume atakupigia" haipigi kazi. Inampiga mtoto mwenyewe, na haina mlango. Atafanya nini ili kesho asiwe msichana?

Na jambo la mwisho kuhusu muda, maana hoja ya muda nayo ilitolewa: eti darasa la watu 80 huwezi kujibu kila swali. Basi tulipime. Jibu la lile swali ni hili hapa. Alama ya sawasawa ni kama mizani ya sokoni iliyolala sawa. Upande huu una x na 3, upande ule una 10. Ukitaka x ibaki peke yake unaondoa 3 upande huu, lakini mizani italala upande mmoja, kwa hiyo lazima uondoe 3 na upande ule. Ndio maana inaonekana kama 3 imevuka ikageuka. Haijavuka popote. Imeondolewa pande zote mbili.

Hayo ni maneno ya nusu dakika. Kile kicheko pamoja na kulinyamazisha darasa kilikula zaidi ya hapo. Na swali lenyewe halikuwa la mtoto mzito. Kuuliza kwa nini alama inabadilika ndiko kuelewa hesabu kwenyewe. Walionyamaza siku ile sio kwamba walielewa, walikariri.

Wiki iliyofuata mwalimu aliingia darasani, akachora mizani ubaoni, akalieleza jambo lile lile. Karibu nusu ya darasa ikasema "aaah!" kwa mpigo. Ilikuwa ni heshima kubwa kwa mwalimu kurudi kwenye swali, na anastahili pongezi, wapo wengi wasingerudi. Lakini hakusema swali lilikuwa la nani, wala hakuligusa lile neno lake. Ofisini alikuwa amemwambia mama "samahani" vizuri tu. Darasani hakuna aliyesikia. Jina la Mke wa Mtu likaendelea kutembea.

Ndio maana pongezi inabaki nusu. Kosa lililofanyika mbele ya watu 80 halisafishwi mbele ya watu watatu ofisini. Hakuhitaji kupiga magoti. Sentensi moja ingetosha: "Wiki iliyopita mwenzenu aliuliza swali zuri, nikalijibu kwa mzaha, haikuwa sawa. Jibu lake ni hili, na sitaki kusikia lile jina tena." Wanaosema mwalimu akiomba radhi heshima inashuka, waangalie wenyewe ni walimu gani wanaowaheshimu mpaka leo. Wale walioogopwa huwa wanasimuliwa. Wale waliokuwa waungwana ndio wanaotafutwa na kusalimiwa "shikamoo mwalimu" stendi ya basi miaka 20 baadaye.

Mwalimu unayesoma hapa, ukiteleza rudi siku hiyo hiyo, mahali pale pale. Mzazi, fanya kama yule mama: fungua madaftari, na ukienda shuleni nenda na swali, usiende na matusi, maana mtoto atabaki na huyo mwalimu mpaka mwisho wa mwaka. Na wewe mwanafunzi unayecheka mwenzako akiuliza, jua kwamba swali lile nawe ulikuwa nalo, ulikosa tu ujasiri.

Haya wadau, kila mtu ana neno lake aliloambiwa darasani ambalo mpaka leo analikumbuka. Lilikusukuma au lilikufungia mlango? Na kwenye kisa hiki, mwalimu kurudi na jibu kumetosha, au alitakiwa kulifuta lile neno mbele ya darasa zima?